Harilal Gandhi: Mtoto wa kwanza aliyelemewa na jina la baba

MWAKA 1925 wakili mmoja wa Lyallpur, mji ambao leo unaitwa Faisalabad nchini Pakistan, alimwandikia barua Mahatma Gandhi kwa niaba ya mteja wake. Mteja huyo, muumini wa Kiislamu, alikuwa ameweka fedha zake katika kampuni ya Calcutta iliyoitwa All-India Stores Limited. Kilichomvuta ni heshima aliyokuwa nayo kwa jina la Gandhi, kwa kuwa mmoja wa wakurugenzi alikuwa Harilal Gandhi, mtoto mkubwa wa kiongozi huyo. Sasa alikuwa na hofu juu ya fedha zake, na wakili alitaka kuambiwa kama kampuni ile ni ya kweli au ni ya ulaghai.

Gandhi angeweza kujibu kwa barua ya faragha na jambo likaishia hapo. Hakufanya hivyo. Juni 18, 1925 alilichapisha suala hilo katika gazeti lake la Young India. Alikiri mbele ya wasomaji kwamba Harilal ni mwanawe, kisha akaeleza kuwa njia zao ziliachana zamani, kwamba yeye hakuwa na mkono katika biashara za kijana huyo, na kwamba watu wajihadhari na majina makubwa wanapotoa fedha zao.

Kila mfanyabiashara anayechukua bidhaa kwa mali kauli anajua kuwa jina ni dhamana. Harilal alizaliwa na jina ambalo baadaye India nzima ililikubali kama dhamana, lakini mwenye jina hakuwahi kumruhusu alitumie kwa faida yake mwenyewe. Maisha yake ya karibu miaka 60 yalikuwa mvutano mrefu kati ya watu wawili: baba aliyekataa katakata kumpendelea mwanawe, na mwana aliyeona kuwa amefanywa wa mwisho nyumbani kwao.

Hata hivyo, msomaji anayemjua Harilal kwa habari za ulevi na madeni tu hajamjua. Miaka 17 kabla ya barua ile ya Lyallpur, kijana huyo alikuwa amekubali kwenda jela kwa ajili ya kazi ya baba yake, na alikwenda zaidi ya mara moja.

Baba asiyekaa nyumbani

Harilal alizaliwa mwaka 1888 katika ukoo wa Kigujarati kutoka rasi ya Kathiawar, magharibi mwa India. Gujarati ndiko walikotoka wafanyabiashara wengi waliofungua maduka Zanzibar, Mombasa na bara la Afrika Mashariki. Baba yake, Mohandas Gandhi, alikuwa na miaka 18 tu. Alikuwa ameozwa kwa Kasturba akiwa na miaka 13, na Kasturba alikuwa na umri kama wake.

Septemba 1888 Gandhi alipanda meli kwenda London kusomea sheria, akamwacha mtoto akiwa mchanga. Alirudi mwaka 1891. Miaka miwili haikutimia, akaondoka tena. Safari hii, Aprili 1893, alikuwa akienda Afrika Kusini kushughulikia kesi ya kampuni ya Dada Abdulla, tajiri wa Kigujarati mwenye biashara na meli huko Natal. Meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar kabla ya kufika Durban. Kazi iliyotarajiwa kuchukua mwaka mmoja ilimweka huko hadi 1896, aliporudi India kuichukua familia. Hadi wakati huo, Harilal alikuwa na miaka minane, na muda wote aliowahi kuishi na baba yake haukufika miaka mitatu.

Kuwasili kwao Durban kulikuwa kwa vurugu. Walowezi wa Kizungu walikuwa na hasira kwamba Wahindi wanazidi kuingia Natal, na meli mbili zilizowaleta abiria hao ziliwekwa karantini nje ya bandari kwa wiki kadhaa. Januari 13, 1897 Kasturba na watoto walitangulizwa kwa gari la farasi hadi nyumbani kwa Rustomji, mfanyabiashara wa Kiparsi aliyekuwa rafiki wa Gandhi. Gandhi aliyefuata kwa miguu alipigwa na umati njiani, akaokolewa na mke wa mkuu wa polisi aliyemkinga kwa mwavuli wake. Usiku umati uliizunguka nyumba ya Rustomji, na Gandhi akatolewa humo kwa siri akiwa amevalishwa sare ya polisi. Mtoto wa miaka minane alikuwa ndani ya nyumba hiyo. Hivyo ndivyo alivyoanza kuijua kazi ya baba yake.

Shule ambayo haikupatikana

Swali la elimu ndilo lililokuja kuwa kidonda. Huko Durban shule za Wazungu zilikuwa tayari kuwapokea watoto wa Gandhi kama upendeleo, kwa sababu ya cheo cha baba yao. Watoto wengine wa Kihindi hawakuruhusiwa. Gandhi alikataa. Aliona haiwezekani achukue kwa ajili ya wanawe kitu ambacho jirani yake ananyimwa, na shule za wamisheni nazo hakuziamini. Akaamua kuwafundisha mwenyewe nyumbani.

Tatizo ni kwamba mwalimu huyo alikuwa wakili mwenye wateja wengi na kiongozi mwenye mikutano isiyokwisha. Masomo yalifanyika pale nafasi ilipopatikana, mara nyingi wakati wa kutembea kwenda ofisini. Gandhi mwenyewe alikuja kukiri katika kitabu cha maisha yake kwamba hakuwapa wanawe elimu ya vitabu kama walivyostahili, ingawa hakujutia msimamo uliomfanya akatae zile shule. Baba aliyekuwa na stashahada ya uanasheria ya London alikuwa akiwaambia wanawe kwamba vyeti havina maana. Harilal hakulikubali hilo hata siku moja.

Mwaka 1901 familia ilirudi India, na baba alipoitwa tena Afrika Kusini mwaka uliofuata, Harilal alibaki nyumbani kusoma. Mama na wadogo zake walipomfuata Gandhi, yeye aliendelea kubaki. Akiwa huko, mwaka 1906, alimwoa Gulab, aliyeitwa pia Chanchal, binti wa wakili wa Rajkot aliyekuwa rafiki wa familia. Gandhi, ambaye aliijutia ndoa yake ya utotoni, aliona kijana anaharakisha. Aliwaandikia ndugu zake kwa ukali, kiasi cha kueleza kuwa kwa sasa hamhesabu tena Harilal kuwa mwanawe. Mwana alikuwa na umri unaokaribia ule ambao baba alimpata yeye.

Hata baada ya ukali huo, Gandhi alimwita Harilal Afrika Kusini, na Chanchal akamfuata mumewe huko.

Gandhi Mdogo

Alifika wakati moto unawaka. Serikali ya Transvaal ilikuwa imepitisha sheria ya kuwataka Waasia waandikishwe, wapige alama za vidole na kutembea na cheti ambacho polisi angeweza kukidai wakati wowote. Asiyekuwa na cheti hakupata leseni ya biashara, na kuvuka kutoka Natal kuingia Transvaal lilikuwa kosa. Anayepita Namanga, Busia au Tunduma leo na mzigo wake hahitaji kuelezwa maana ya karatasi moja mkononi mwa ofisa. Tofauti ni kwamba karatasi ya Transvaal ilitolewa kwa misingi ya rangi, ili kumkumbusha mwenye nayo kuwa yupo pale kwa hisani.

Gandhi aliwaongoza Wahindi kuikataa sheria hiyo bila kupigana, na wachuuzi walikuwa mstari wa mbele. Walibeba vikapu vyao mitaani bila leseni ili wakamatwe. Wengine walivuka mpaka pale Volksrust, mji ulio kati ya Natal na Transvaal, wakijua kuwa polisi wanawasubiri. Agosti 1908, kwenye uwanja wa msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, vyeti zaidi ya 2,000 vilichomwa moto hadharani.

Gandhi alikuwa wakili na hakuweza kuchuuza mwenyewe. Alimtoa mwanawe. Julai 1908 Harilal alikamatwa Johannesburg kwa kufanya uchuuzi bila leseni, na aliyesimama mahakamani kama wakili wake alikuwa baba yake. Adhabu ilikuwa faini ya pauni moja au siku saba za kazi ngumu. Harilal alichagua jela. Gandhi aliueleza umma kwamba alichokifanya kijana kilikuwa kama amekifanya yeye, na kwamba kufungwa ni sehemu ya elimu yake.

Binti wa kwanza wa Harilal na Chanchal, Rami, alikuwa bado mchanga wakati huo. Baba yake alitoka jela, akarudi tena, safari hii kwa mwezi, baadaye kwa miezi sita. Kati ya 1908 na 1911 alifungwa mara sita. Watu walianza kumwita Chhote Gandhi, yaani Gandhi Mdogo. Hakuna aliyetilia shaka ushujaa wake, na hakuna dalili kwamba alikwenda jela kwa kusukumwa. Aliiamini kazi ile. Alichokitarajia ni kwamba zamu yake ya kusikilizwa ingefika.

Nafasi ya Uingereza na safari ya Maputo

Dk Pranjivan Mehta, rafiki wa Gandhi tangu enzi za London, aliahidi kumgharamia mtoto mmoja wa Gandhi akasome Uingereza. Kwa Harilal, aliyekuwa amepoteza miaka jela na hana cheti hata kimoja, hiyo ilikuwa nafasi ya kuitengeneza kesho yake. Gandhi aliona kuwa nafasi hiyo haipaswi kwenda kwa mtu kwa sababu tu ni mwanawe. Akampa Chhaganlal, mtoto wa binamu yake. Chhaganlal alikwenda London, afya ikamshinda, akarudi bila kumaliza. Baadaye, nafasi ilipokuwa wazi tena, Gandhi alimpeleka Sorabji Adajania, kijana wa Kiparsi aliyekuwa mwenzao katika mapambano.

Mbele ya wafuasi wake, uamuzi huo ulikuwa ushahidi kwamba kiongozi wao hajui undugu. Kwa Harilal ulikuwa na maana nyingine. Alipohitajika mtu wa kwenda jela, alikuwa mtoto wa Gandhi. Ilipotokea nafasi ya kwenda shule, alikuwa mtu kama wengine.

Mei 1911 aliondoka Johannesburg bila kuaga. Alikuwa na miaka 22, na mkewe alikuwa India. Miongoni mwa vitu vichache alivyochukua ilikuwamo picha ya baba yake. Alifika Ghuba ya Delagoa, kwenye bandari ya Lourenço Marques ambayo sasa ni Maputo, akitaka meli ya kwenda Bombay. Alijitambulisha kwa ofisi ya ubalozi mdogo wa Uingereza kama Mhindi maskini anayeomba kusafirishwa bure. Hila hiyo haikudumu. Mhindi mmoja mfanyabiashara wa hapo alimtambua na kumshawishi arudi kwa wazazi wake.

Alirudi, na baba na mwana walizungumza usiku kucha. Siku chache baadaye Gandhi aliyaeleza malalamiko ya kijana katika barua kwa jamaa yao: kwamba aliwabana wanawe wote wanne, hakuwahi kujali matakwa yao, na mara nyingi alikuwa na moyo mgumu. Aliyaandika kwa utulivu, kama mtu anayeripoti shauri la mteja. Hakuonyesha kukubali kuwa ni kweli. Alimruhusu aende, akamsindikiza kituo cha treni. Harilal akarudi India.

Barua iliyochapishwa

Huko Ahmedabad alijiandikisha sekondari, mtu mzima mwenye mke na watoto akikaa darasani na vijana wadogo. Hata somo la lugha lilileta ubishi: baba alitaka asome Kisanskriti, yeye akachagua Kifaransa. Alifanya mtihani wa kumaliza shule, akafeli, akarudia, akafeli tena. Mlango ule ukajifunga.

Gandhi alirejea India moja kwa moja Januari 1915. Miezi michache haikupita, Harilal aliandika barua ndefu kwa baba yake, akaichapisha na kuisambaza kwa watu. Alieleza jinsi wanawe walivyonyimwa elimu, jinsi maoni yao yalivyozimwa kabla hawajayamaliza, na jinsi baba alivyowafanyia majaribio ya kila wazo jipya lililomjia, la chakula, la dawa, la maisha ya ndoa. Haikuwa barua ya matusi. Ilikuwa hati ya madai, yenye tarehe na mifano, ya mtu aliyesubiri miaka mingi kulipwa.

Baada ya hapo alihamia Calcutta na kuingia katika biashara, akianza kama mwajiriwa. Hesabu hazikumkalia sawa. Mwaka 1916 mdogo wake, Manilal, alimkopesha fedha zilizokuwa mali ya jumuiya ambayo Gandhi alikuwa ameianzisha Ahmedabad. Gandhi alipogundua alimfukuza Manilal kwenye jumuiya hiyo, na mwaka uliofuata kijana huyo akarejea Afrika Kusini, ambako alihariri gazeti la Indian Opinion hadi alipofariki mwaka 1956. Kumsaidia Harilal kulikuwa na bei yake, na ndugu zake waliijua.

Mwaka wa mafua

Mwaka 1918 ugonjwa wa mafua ulioizunguka dunia na kuua mamilioni ya watu India ulifika nyumbani kwake. Chanchal alifariki. Katika watoto watano waliowapata, mmoja, Shanti, naye alifariki akiwa mdogo. Waliobaki wanne, Rami, Kanti, Rasik na Manu, walilelewa na bibi yao Kasturba na upande wa mama yao.

Wote waliomjua Harilal wanaugawa wasifu wake hapo. Chanchal ndiye aliyekuwa amemshikilia. Alikubali kukaa mbali naye alipokuwa jela, akahama nyumba baada ya nyumba, akabaki upande wake katika ugomvi ambao hakuuanzisha. Alipoondoka, pombe ikachukua nafasi yake. Harilal alitaka kuoa tena. Gandhi, ambaye wakati huo alikuwa na nadhiri ya kujitenga na maisha ya ndoa tangu 1906, hakuafiki mjane wa kiume mwenye watoto kutafuta mke mwingine. Ugomvi mwingine ukaongezeka juu ya ule wa shule.

Bado moto wa zamani haukuwa umezimika kabisa. Desemba 1921, wakati Gandhi alipowaongoza Wahindi kususia utawala wa Waingereza, Harilal alikamatwa Calcutta akiwa miongoni mwa waliojitolea, akafungwa tena. Baba yake alifurahi. Kwa muda mfupi, Gandhi Mdogo alikuwa amerudi.

Kisha ikaja kampuni ya All-India Stores, na ile barua ya wakili wa Lyallpur. Jibu la Gandhi katika Young India lilikuwa la haki kwa wenye hisa. Kama asingesema, wengine wangeendelea kutoa fedha zao kwa kuamini kwamba Mahatma yupo nyuma ya kampuni. Lakini lilikuwa pia tangazo la baba kwa nchi nzima kwamba mwanawe haaminiki katika fedha. Mtu wa kawaida aliyefilisika anaweza kuhamia mji mwingine, akajitambulisha upya na kuanza na mtaji mdogo. Harilal hakuwa na mji wa kwenda. Kila alipotaja jina lake, watu walikwisha kusoma habari zake.

Miaka iliyofuata ni ya madeni, kazi za muda mfupi, na ahadi za kuacha pombe. Mwanawe Rasik alifariki mwaka 1929 akiwa na miaka 17. Mara kadhaa Harilal alirudi kwa wazazi, akapokelewa, akakaa, akaondoka. Gandhi hakumfungia mlango. Katika kitabu cha maisha yake aliandika kwamba kasoro alizoziona kwa mwana huyo ni mwangwi wa ujana wake mwenyewe, wakati alipokuwa bado hajajitawala. Waswahili husema mganga hajigangi. Mtu aliyewatuliza mamilioni hakupata dawa ya nyumbani kwake, na alilijua hilo.

Kutoka Harilal kuwa Abdullah

Mei 1936, kwenye Msikiti wa Ijumaa wa Bombay, mbele ya umati mkubwa, ilitangazwa kuwa Harilal Gandhi amesilimu na sasa anaitwa Abdullah. Magazeti ya India yalijaa habari hiyo. Katika nchi ambayo uhusiano wa Wahindu na Waislamu ulikuwa ukizidi kuchafuka, mtoto mkubwa wa Gandhi kubadili dini hakuwezi kubaki kuwa jambo la mtu binafsi.

Gandhi alitoa taarifa wiki hiyohiyo. Hakuulaumu Uislamu. Maisha yake ya Afrika Kusini yalikuwa yameanza kwa kazi ya Mwislamu, Dada Abdulla, na vyeti vya Transvaal vilichomwa kwenye uwanja wa msikiti. Alieleza kwamba kama mwanawe ameikubali dini hiyo kwa moyo na bila tamaa ya kidunia, yeye hana ugomvi naye. Shaka yake ilikuwa juu ya sababu. Alijua Harilal amezama katika madeni na pombe, na aliogopa kwamba jina la Gandhi limenunuliwa tena, safari hii na watu waliotaka kulitumia kwa siasa. Kasturba naye, mama ambaye hakuwa na mazoea ya kusema hadharani, alitoa barua kwa mwanawe yenye uchungu, na nyingine kwa Waislamu waliomshangilia, akiwaomba wamsaidie abadilike kama kweli wanamtakia mema.

Kabla mwaka haujaisha, Harilal alirudi kwenye Uhindu kupitia jumuiya ya Arya Samaj, na huko nako akapewa jina jipya, Hiralal. Katika mwaka mmoja alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja lililomtoa chini ya lile la ukoo.

Mama na chungwa

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu kituo cha treni cha Katni, katikati ya India. Gandhi na Kasturba walikuwa safarini, na kama kawaida watu walifurika kwenye kituo kumshangilia Mahatma. Katikati ya kelele hizo ilisikika sauti moja ikimshangilia Kasturba. Alikuwa Harilal, amechakaa, meno yameanza kumwisha. Alitoa chungwa mfukoni akampa mama yake, akasisitiza kuwa ni lake peke yake, asimpe baba. Gandhi alipouliza kama hana chochote kwa ajili yake, Harilal alimjibu kuwa ukubwa wake wote umetokana na mwanamke huyo. Kasturba alimsihi apande treni waende pamoja. Alikataa, na treni ikaondoka.

Februari 1944 Kasturba alikuwa mgonjwa sana, akiwa kizuizini na mumewe katika jumba la Aga Khan mjini Pune. Aliomba kumwona mwanawe mkubwa. Harilal alipatikana, akaenda, na mama akafurahi. Alipokwenda tena alikuwa amelewa. Kasturba alilia na kujipiga paji la uso, na wakamwondoa mwanawe chumbani. Alifariki Februari 22, 1944.

Mwaka mmoja, vifo viwili

Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi Januari 30, 1948, miezi mitano baada ya uhuru wa India. Kwa mila za Kihindu, kuuwasha moto wa kuchomea maiti ya baba ni wajibu wa mtoto wa kwanza wa kiume. Aliyeuwasha ni Ramdas, mtoto wa tatu. Majivu yaligawanywa na kupelekwa kwenye mito mingi, na sehemu yake ilifika Afrika Mashariki, ikatiwa katika Mto Nile pale Jinja, Uganda, ambako hadi leo kuna sanamu yake ya ukumbusho.

Harilal aliishi chini ya miezi mitano baada ya hapo. Kifua kikuu na miaka ya pombe vilikuwa vimemmaliza. Alifikishwa katika hospitali ya manispaa mjini Bombay kama mgonjwa maskini yeyote, na waliompokea hawakujua kwamba ni mtoto wa mtu ambaye nchi ilikuwa bado inamlilia. Alifariki Juni 18, 1948, miaka 23 kamili tangu siku lile jibu la baba yake lilipotoka katika Young India.

Watoto wake waliobaki walikua, wakasoma na kujenga familia zao. Mjukuu mmoja, Shanti, mtoto wa Kanti, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa moyo nchini Marekani, na mwaka 2012 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Kansas. Mjukuu mwingine, Nilam Parikh, mtoto wa Rami, aliandika kitabu juu ya maisha ya babu yake, akikusanya barua za pande zote mbili ili naye Harilal asikilizwe.

Jambo moja lilikuwa limebaki. Chupa ndogo ya majivu ya Gandhi ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi na familia ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akiishi Dubai, ambaye hatimaye aliikabidhi kwa jumba la makumbusho la Gandhi mjini Mumbai. Januari 30, 2008, miaka 60 tangu Gandhi auawe, ukoo uliamua majivu hayo yatiwe baharini kwenye ufukwe wa Chowpatty. Walipojadiliana nani ayamwage, walikubaliana kuwa kazi hiyo ifanywe na mtu wa tumbo la Harilal, kwa kuwa wajibu wa mtoto wa kwanza haukuwahi kutimizwa. Nilam Parikh ndiye aliyeingia kwenye boti.